Wakili wa Tembo

Watu wengi huniuliza kazi yangu ni nini, nami aghlabu hupata tabu kuwajibu. Si askari wa wanyama wala si mganga wao, wala sijapata kumwongoza mgeni mbugani. Chama nikitumikiacho hapa Arusha ni chama cha kuhifadhi nyika na misitu, kisichotafuta faida, nami nimewekwa kuongoza shughuli zake na Serikali: kusoma miswada ya sheria kabla haijasomwa Bungeni, kuandika hoja, kuonana na makatibu wa wizara na wabunge wa kamati kule Dodoma, kungoja barazani mpaka mchana, kisha kurudi. Jirani yangu hapa Sakina, mzee wa heshima, alinifupishia siku moja akasema, "Wewe, mwanangu, ni wakili wa tembo." Jina hilo nimelikubali, ingawa lina swali ndani yake. Wakili hawi wakili mpaka awekwe na mtu. Tembo hakuniweka. Nani basi aliyeniweka?

Kuna shauri moja ambalo watu wa kazi yetu hupenda kulisimulia. Mwaka 2010 Serikali yetu ilikuwa na azma ya kujenga barabara kuu kutoka upande wa Mugumu hadi Loliondo, na kiasi cha kilomita 53 zingepita ndani ya Serengeti, katika njia ambayo nyumbu zaidi ya milioni moja huipita waendapo na warudipo Mto Mara. Chama kimoja cha Nairobi, African Network for Animal Welfare, kikaipeleka Serikali mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake ni papa hapa Arusha. Vijana wapendao sheria na walitazame jambo hili vyema: Mkataba wa Jumuiya humruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupeleka shauri juu ya tendo la serikali linalovunja Mkataba, wala halazimiki kuonyesha kuwa yeye mwenyewe amedhurika. Na Mkataba huo umeagiza mazingira yalindwe. Tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ikaamua kwamba kutandika lami katika kipande kile kungekuwa kinyume cha Mkataba. Serikali ilikuwa imekwisha kuiandikia UNESCO mwaka 2011 kwamba kipande hicho kitabaki cha changarawe. Mabishano ya wanasheria yaliendelea katika rufaa hata mwaka 2015.

Wenzangu huishia hapo, wakafurahi. Mimi siwezi kuishia hapo, kwa kuwa nakaa Sakina. Barabara ipitayo mbele ya mtaa wetu kwenda Tengeru imepanuliwa ikawa ya njia nne, na mke wangu anapougua twafika hospitali upesi. Je, mama wa Loliondo hana mgonjwa? Mkulima wa Mugumu hana mazao ya kupeleka sokoni? Mtu akaaye kando ya lami akamwambia mwenziwe kuwa lami haifai, maneno yake ni mepesi mno. Kwa sababu hiyo mimi naona kwamba hoja iliyokuwa na uzito katika jambo lile ni ile ya kuizungusha barabara upande wa kusini, nje ya hifadhi, ambako nako kuna watu wengi wanaoihitaji. Ujerumani ilijitolea kugharimia uchunguzi wa njia hiyo. Anayekwenda kwa waziri na neno "msifanye" peke yake hufunguliwa mlango mara moja tu.

Wako wanaosema kwamba hifadhi ni jambo la wageni. Hao na wasome Tamko la Arusha la Septemba 1961 (silo lile Azimio la 1967), lililotolewa miezi mitatu kabla ya Uhuru, ambalo liliwahesabu wanyama wa nchi hii kuwa amana. Waliotia sahihi ni Mwalimu Nyerere, Chifu Abdallah Fundikira na Bwana Tewa Said Tewa, yule aliyekuwa pia katika viongozi wa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki. Walakini siwalaumu wazee wa Meru washtukao wasikiapo neno "mpaka". Mwaka 1951 watu wa Ngarenanyuki walihamishwa kwa nguvu ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Alisikizwa, lakini hakurudi na ardhi.

Siku hizi kinachonikosesha usingizi ni neno moja. Tembo akiingia shambani akala mahindi, kanuni za mwaka 2011 zampa mkulima kitu kiitwacho kifuta jasho. Akiua mtu, wafiwa hupewa kifuta machozi. Maneno hayo ni ya huruma, lakini maana yake ni kwamba hiyo si fidia. Ni pole. Mtu hawezi kuidai pole kama haki yake. Sasa, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yasema wanyama wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Basi mnyama huyo ana mwenyewe. Katika Sura Al-Anbiya mna habari ya shamba lililoingiwa usiku na kondoo wa watu, na Nabii Daudi na Nabii Sulaiman wakahukumu. Wafasiri wameeleza kwamba Nabii Sulaiman aliamuru mwenye kondoo alirudishe shamba katika hali yake, na hata litakaporudi, mwenye shamba afaidi maziwa na sufi ya kondoo wale. Sisemi kuwa waziri ahukumu kwa hukumu ile. Nasema wale walitazama shamba lililoharibika, na hasara yake, na nani wa kuilipa.

Wiki ijayo, inshallah, nitapanda basi la alfajiri kwenda Dodoma. Karatasi nitakazochukua si nyingi: kurasa nne za hoja ya neno hilo, na hesabu ya ekari mbili za mahindi niliyopewa na mama mmoja wa Ngarenanyuki, mjane, aliyeiandika nyuma ya daftari la mwanawe.