Mpira wa doti mbili haukuwa wake

Kwa Jumamosi tatu mfululizo, binti wa miaka tisa katika nyumba moja ya Sinza, Dar es Salaam, aliamka akilalamika tumbo. Mara ya kwanza mama yake alimchemshia tangawizi. Mara ya pili alimpeleka zahanati, akapimwa malaria na mkojo, hakuonekana na kitu. Mara ya tatu mama akagundua kuwa tumbo lile lina saa zake: linaanza saa moja asubuhi na kupona saa nne, muda wa kwenda klabu unapokuwa umepita.

"Huyu mtoto haumwi tumbo," alimwambia mumewe. "Anaumwa mchezo wako."

Mchezo wenyewe ni skwoshi. Baba ameucheza kwa miaka sita, kila Jumatano jioni, yeye na mwenzake wa ofisini. Aliposikia kuwa skwoshi itachezwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, Los Angeles 2028, alimtazama binti yake aliyekuwa akidundisha mpira wa tenisi kwenye ukuta wa jikoni, akaanza kuhesabu miaka kwa vidole. Wiki hiyohiyo alimnunulia raketi fupi ya watoto, miwani ya kukinga macho, na mpira.

Kwenye mpira ndipo alipokosea.

Muuzaji alimpangia viboksi vinne juu ya kaunta. Ukiitazama harakaharaka, mipira yote ilifanana: myeusi, ya raba, yenye uwazi ndani. Tofauti ilikuwa kwenye alama. Mmoja una doti ya bluu, mwingine nyekundu, mwingine doti moja ya njano, na wa mwisho doti mbili za njano. Baba hakuuliza swali. Alichukua wa doti mbili, kwa sababu ndio anaochezea yeye na ndio wanaochezea mabingwa wa dunia. Moyoni alijiambia kuwa mtoto akianza na ulio mgumu, huko mbele kutakuwa mteremko.

Jumamosi ya kwanza, binti alipiga mpira ukutani. Ukagonga, ukashuka, ukadunda kidogo sana, ukabingirika. Katika skwoshi mpira unaruhusiwa kugusa sakafu mara moja tu kabla ya kurudishwa. Mtoto alikimbia, akainama, lakini kila alipofika ulikuwa umeshadunda mara ya pili. Mipigo miwili, mitatu, kwisha. Nusu saa nzima waliokota mpira kuliko walivyoupiga.

"Baba, huu mpira umekufa," binti alisema.

"Mpira haujafa," baba akajibu. "Mkono wako ndio haujaamka."

Alidhani ametania. Mtoto hakucheka. Jumamosi iliyofuata tumbo likaanza kuuma.

Baada ya maneno ya mkewe, Jumatano ile baba alifika klabu mapema, akamtafuta kocha wa watoto, dada mmoja wa umri wa miaka ishirini na kitu. Alitegemea kuelekezwa namna mtoto anavyopaswa kushika raketi. Kocha akaomba kwanza auone mpira.

"Mzee, huu ndio anaochezea?"

"Ndio."

Kocha aliunyanyua mpira hadi usawa wa bega, akauachia. Ukaruka juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kisha akaingia nao chumbani, akaupiga ukutani kwa nguvu, mfululizo, kwa dakika kadhaa. Alipotoka alimwekea baba kiganjani. Ulikuwa na moto kama yai lililotoka kuchemshwa. Akauachia tena kutoka begani, safari hii ukakaribia goti.

Akamweleza kwa utaratibu. Mpira wa doti mbili umetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeweza kuupasha moto kwa mapigo yake mwenyewe. Ukipigwa sana, raba inapata joto, hewa iliyofungwa ndani nayo inapata joto na kusukuma, ndipo mpira unaruka. Ndiyo maana vipimo vya Shirikisho la Skwoshi Duniani vinataka mdundo wake upimwe ukiwa na nyuzijoto 23, kisha upimwe tena ukiwa na 45. Wachezaji wakubwa wanaupiga bila kukatiza, hivyo moto haupotei. Mtoto anaupiga mara mbili, anakwenda kuuokota, unapoa. Na kwa kuwa umepoa, pigo linalofuata nalo linakufa.

"Lakini kocha, Dar hapa kuna joto," baba alijitetea. "Si utapata moto wenyewe?"

"Joto la Dar linasaidia kidogo, mzee. Ila hata mwezi wa pili hatufiki 45. Zinazobaki zinatoka mkononi, na mkono wa miaka tisa hauna nguvu hizo."

Kwa mipira ya Dunlop, ambayo ndiyo waliyokuwa nayo, kocha alimpangia ngazi zenyewe. Wa doti mbili una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 24 hivi. Wa doti moja ya njano una ukubwa uleule, ila unakaa hewani kwa asilimia 10 zaidi. Wa doti nyekundu ni mkubwa kwa asilimia 6 na unakaa hewani asilimia 20 zaidi. Wa doti ya bluu ni mkubwa kwa asilimia 12, na muda wake wa hewani unazidi kwa asilimia 40. Huo wa bluu hausubiri kupashwa moto. Unamruhusu anayejifunza kufika, kusimama vizuri na kupiga.

"Usiangalie umri, wala miaka ambayo mtu amecheza," kocha alisema. "Hesabu mipigo. Mkishindwa kurudishiana hata mara kumi kwa sababu mpira unafia chini, shukeni doti. Mkiona kila mara unagonga ukuta wa nyuma na mtoto anausubiri huku anajikuna, pandeni."

Akaongeza jambo moja ambalo halitegemei doti: bila miwani, mtoto haingii chumbani. Mpira wa skwoshi ni mdogo kiasi cha kuingia kwenye tundu la jicho.

Akiwa kwenye foleni akirudi nyumbani, baba alikumbuka viatu vyake vya darasa la nne. Baba yake alimnunulia vinavyozidi saizi mbili, akavijaza magazeti mbele. "Utakua tu," aliambiwa. Siku ya mashindano ya mbio shuleni, kiatu cha kulia kilichomoka. Alimaliza wa mwisho, uwanja mzima ukimcheka, na tangu hapo akajihesabu kuwa mtoto asiye na mbio. Miguu ilipokuja kuenea vizuri, soli zilikuwa zimekwisha.

Mzee wake hakuwa na pesa ya kununua viatu mara mbili. Yeye alikuwa nayo ya kununua mipira yote minne. Kilichompeleka kwenye doti mbili hakikuwa uhaba. Alimnunulia mpira yule binti aliyemwona Olimpiki, akamsahau huyu wa darasa la tatu.

Usiku ule alikaa pembeni ya kitanda cha mtoto.

"Mama, ulisema kweli. Ule mpira ulikuwa umekufa. Mkono wako hauna shida."

Binti alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Mimi ndiye niliyekosea kununua."

Jumamosi iliyofuata walikwenda na mpira wa doti ya bluu. Mara ya kwanza walifika mipigo sita. Kisha tisa. Kisha kumi na nne, mtoto akihesabu kwa sauti mpaka watu wa chumba cha pili wakachungulia. Njiani kurudi alizungumza bila kupumua. Tumbo halikutajwa.

Ilichukua miezi minne kufika doti nyekundu, na aliyeomba kupanda ni yeye mwenyewe. "Baba, wa bluu sasa unanisubiri sana," alisema.

Jumatano moja, akiwa na mwenzake wa ofisini, baba aliamua kuhesabu mipigo yao wenyewe. Minne. Mitano. Mitatu. Akauokota mpira, akaubana kiganjani: uvuguvugu tu. Miaka sita ya kuchezea doti mbili, na wala hakumbuki kama aliwahi kuushika ukiwa na moto kama ule alioushika kwa kocha.

Wiki iliyofuata alikuja na wa doti moja.

"Tumeshuka daraja?" mwenzake aliuliza.

"Tulikuwa hatujapanda," baba akajibu.

Walicheza dakika arobaini na kutoka wamelowa jasho kuliko siku zote.

Ule mpira wa kwanza bado uko nyumbani, kwenye bakuli la funguo karibu na televisheni. Mama alipotaka kuutupa, binti alimzuia. Siku nyingine akipita huunyanyua hadi begani, akauachia, akatazama umeruka kiasi gani, kisha akaurudisha kwenye bakuli.