Nyumba za Mawe za Washona

Msafiri atokaye mji wa Masvingo, katika nchi ya Zimbabwe, akashika njia ya kusini-mashariki kwa maili zipatazo 18, hufika penye kilima cha majabali makubwa. Mawe ya asili na mawe yaliyopangwa na watu yameungana hapo hata si rahisi kutambua jabali laishia wapi na ukuta waanzia wapi. Ndiyo Zimbabwe Kuu, mji uliojengwa na mababu wa Washona kati ya karne ya 11 na ya 15. Jina lake, dzimba dza mabwe, halimhitaji Mswahili kutafuta mkalimani: ni nyumba za mawe.

Bondeni uko ua mkubwa ambao ukuta wake wa nje una mzunguko wa meta 250, na mahali pengine umekwenda juu meta 11. Hapana chokaa wala udongo uliotiwa kuyashika mawe. Mwamba wa nchi ile humeguka wenyewe tabaka kwa tabaka kwa joto la mchana na baridi ya usiku. Mafundi waliharakisha kazi kwa kuwasha moto juu yake, kisha kuumwagia maji. Mawe waliyoyapata waliyachonga kidogo, wakayapanga safu juu ya safu, ukuta ukizidi kuwa mwembamba kadiri unavyopanda. Asiyeamini ugumu wake na ajenge zizi la ng'ombe vivyo hivyo, aone kama litapita masika moja. Hata watu wa Migori, wenye boma la kale la Thimlich Ohinga, hawana ukuta mrefu namna hiyo.

Kuta hizo hazikuwa ngome ya vita. Watu walilala katika nyumba za udongo. Mawe yaliwatenga wakubwa na macho ya watu, na mahali patakatifu na mahali pa kazi. Kwa Washona, mizimu ya wazee ndiyo ifikishayo maombi kwa Mwari, atoaye mvua. Kilimani juu ndipo walipopatikana wengi wa ndege wanane waliochongwa kwa jiwe laini.

Wazungu wengi walishikilia kwamba wajenzi walikuwa wageni. Hall, aliyewekwa kuutunza mji, alichimba na kutupa udongo wenye ushahidi, miaka ya 1902 hadi 1904. Randall-MacIver mwaka 1905, na Bibi Caton-Thompson mwaka 1929, walithibitisha kwamba ni kazi ya Waafrika, na hata hivyo serikali ya Rhodesia haikupenda jambo hilo liandikwe. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa iliyookotwa hapo ni dalili ya biashara ya dhahabu na pwani, wala si dalili ya mjenzi.

Wazee wa koo za jirani nao wamelalamika kwamba, tangu mahali hapo pawekewe mlinzi na tiketi, wamezuiwa kutambika. Ndege wale walitawanyika. Kipande cha chini cha mmoja wao kilifika Ujerumani, na mwaka 2003 kilirudishwa kwao, kikaunganishwa na kiwiliwili chake.