Asubuhi Gand, magaribi Tervuren

Sisi tuliopita Ubelgiji kama watalii wa siku moja tu, tulianza Gand, katika kanisa kubwa la Mtakatifu Bavon. Mule kuko picha ya Mwana-Kondoo wa Mungu, kazi ya ndugu Van Eyck, iliyomalizika 1432. Mbao zake zingine ziliuzwa zamani, zikafika Berlin. Mapatano ya Versailles ya 1919 yakalazimisha Ujerumani kuzirudisha, hata kama zilinunuliwa kwa pesa! Ubao mmoja uliibwa 1934, haujapatikana mpaka leo, na watu wa Gand bado wanaulizia. Ni haki yao.

Kisha treni, halafu tramu, mpaka Tervuren. Tukasimama mbele ya nkisi ya chifu Ne Kuko wa Boma, yenye misumari mwili muzima. Alexandre Delcommune aliichukua kwa nguvu mu 1878. Chifu aliomba arudishiwe, akakataliwa. Nayo ni kitu cha dini: misumari ile ni viapo vya watu. Lakini asubuhi tulivua kofia, pale hakuna aliyevua, hata sisi.

Mu 2022 mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, lakini kwa mkopo. Mkopo gani tena, bazee, kwa kitu cha babu? Nkisi ya Ne Kuko yenyewe ingali kule.