Twende Morogoro, Wanakosomea Udongo

Msomaji mpenzi, ukitaka kujua kama watu wa mahali fulani wanaitunza ardhi yao, usiwaulize. Nenda mtoni wakati wa masika ukatazame maji. Yakiwa mekundu au meusi kama chai ya rangi, ujue kwamba shamba la mtu linasafiri. Udongo ule hautarudi tena, na mwenye shamba hana pa kushtaki.

Leo nakualika Morogoro, mahali ambapo vijana hukaa miaka mitatu, wengine minne, wakijifunza jinsi ya kuuzuia udongo usisafiri. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita 190 hivi. Waweza kwenda kwa basi, au kwa treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Ukikaribia mji utaona upande wako wa kushoto milima ya Uluguru imesimama kama ukuta, na ukungu umefunika vilele vyake. Vilele virefu vyapita meta 2,600. Katika milima hii mto Ruvu hupata sehemu kubwa ya maji yake, na maji ya Ruvu ndiyo wanayokunywa watu wengi wa Dar es Salaam. Basi mkulima wa Uluguru akilima vibaya, hata mtu wa mjini asiyejua kushika jembe ataonja matokeo yake.

Chini ya milima hiyo kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kilianza kama chuo cha kawaida cha kilimo mwaka 1965, baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikasimama chenyewe. Kilipewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humo humo Morogoro tarehe 12 Aprili mwaka ule.

Sasa utauliza: wanajifunza nini huko ambacho mzee wa kijijini hakijui? Swali zuri. Twende shambani kwao.

Utawakuta wanafunzi wamechimba shimo la kina cha mtu kifuani, nao wameingia ndani. Hawazikani! Wanasoma ukuta wa shimo kama wewe usomavyo gazeti hili. Juu kuna tabaka jeusi, ndilo lenye rutuba; mara nyingi halizidi urefu wa kiganja chako. Chini yake ni udongo mwekundu au wa manjano, usio na chakula kingi cha mimea. Mwanafunzi huulowesha kidogo na kuufinyanga vidoleni, apate kujua kama una mchanga mwingi au mfinyanzi. Huandika rangi yake, hutazama mizizi imefika wapi, kisha hupeleka sampuli maabara. Akimaliza hapo ataeleza ni tabaka gani lisiloguswa, na kwa nini shamba lililopoteza kiganja kimoja cha udongo limepoteza karibu kila kitu.

Wengine utawaona na miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A. Chombo hiki waweza kukitengeneza nyumbani leo. Chukua miti miwili iliyo sawa, kama meta mbili kila mmoja, uifunge juu. Mti wa tatu uukate katikati kama daraja. Kutoka juu ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha miguu yake ardhini, tia alama pale kamba inapokata daraja. Kisha badilisha miguu, mmoja mahali pa mwingine, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Tembea nacho shambani ukiweka vigingi kila kamba inapotulia katikati, nawe utakuwa umechora mstari usiopanda wala kushuka. Kwenye mstari huo chimba mfereji na kutupa udongo upande wa juu. Wakulima wengi huliita tuta hilo "fanya juu". Panda majani ya ng'ombe juu yake, na maji ya mvua yatasimama badala ya kukimbia.

Lakini, msomaji, elimu ya udongo peke yake haitoshi, na mlima ule ule ni shahidi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona kwa haki kwamba Uluguru inamomonyoka. Ikaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi milimani, na asiyechimba akapigwa faini. Mabwana wale hawakuulizana vema na wenyeji. Penye udongo mwembamba ngazi zilifukua udongo mbaya na kufukia ule mzuri, mazao yakapungua. Tena ardhi ya Waluguru ilikuwa ya ukoo, upande wa mama. Aliyeazima kipande aliona taabu kujenga ngazi katika shamba lisilo lake. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa, fujo ikatokea, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Mpango ukaachwa. Nia ilikuwa kuokoa mlima. Kilichopotea ni imani ya watu.

Linganisha na Umatengo, wilaya ya Mbinga. Huko hakuna bwana mkubwa aliyeamuru. Wamatengo, waliobanwa milimani na vita vya karne ya 19, walibuni wenyewe kilimo cha ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba. Wanawake hufukua udongo wa katikati na kuzifunika. Hubaki mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta. Shimo hupokea maji na udongo, nyasi huoza zikawa mbolea, na juu ya tuta huota maharage, kisha mahindi. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo cha Sokoine na wenzao wa Japani walikwenda huko kujifunza. Naam, wasomi walikuwa wanafunzi, na bibi mwenye jembe akawa mwalimu.

Basi mzazi, mwanao akichaguliwa kusomea ardhi, usisikilize wanaosema kwamba jembe halina shahada. Jua tu mambo matatu. Kwanza, masomo haya huhitaji sayansi, hivyo ahimizwe Baiolojia, Kemia na Jiografia mapema, akiwa bado sekondari. Pili, waweza kuomba Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, lakini mkopo ni deni, si zawadi, hulipwa. Tatu, kazi ya serikali haimngoji kila mhitimu mlangoni. Usiuze shamba ili asome namna ya kutunza shamba, akarudi asikute pa kusimama.

Naye akija likizo, usimwache akae kivulini akisimulia maneno magumu. Mpeleke shambani siku ya mvua, mzunguke wote wawili. Mwonyeshe mahali palipokuwa na mtama mrefu ulipokuwa kijana. Yeye na akuonyeshe maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Mkishapatana juu ya hilo, kateni miti mitatu.