MALINDI KWA MIGUU: Bahari imewakimbia wenye hoteli!

Wiki hii safu yako imevuka mpaka. Nimetoka zangu Rukuba, kile kisiwa chetu cha mawe huko Musoma, nikapanda boti hadi mwalo wa Mwigobero, nikashika basi la Sirari, Nairobi, Mombasa, mpaka Malindi. Makalio yamepata tabu lakini macho yamefaidi.

Kwa nini Malindi? Kwa sababu siku hizi kila mwenye kipande cha ardhi kando ya maji kule kwetu anaota hoteli ya kitalii. Kaa kijiweni nusu saa tu, lazima atokee mtu wa kukuambia kwamba Wazungu wakishuka hapa, wote tutakula kuku kwa mrija. Sasa mimi nikaona kubishana na wenye midomo hakuna faida. Ngoja niende kwenye mji ambao Wazungu walishuka zamani, wakajenga, wakanywa, wakacheza kamari, nikaone hali ilivyo. Tena nizunguke kwa miguu yangu, bila kiongozi wa kunisukuma mgongoni.

Na inawezekana kabisa, msomaji wangu. Malindi ya kale yote imejipanga kando ya bahari. Ukianza kusini mapema kabla jua halijakasirika, mchana unakukuta umemaliza kazi na unatafuta maji ya kunywa.

Anza kwa kufungua kinywa. Mimi nilipiga mahamri na mbaazi za nazi kwa mama mmoja wa pembeni mwa stendi, nikajiona mtoto wa pwani. Halafu nyoosha mpaka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, iliyosimama kwenye ncha ya mwamba. Yenyewe si kubwa hivyo. Ni kitu cheupe kama kofia ya mchawi, kimejengwa kwa mawe ya matumbawe na juu yake kuna msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Mawimbi yanapiga chini, upepo unataka kukuvua shati.

Huyu bwana alifika hapa Aprili 1498. Mombasa walikuwa wamemkatalia, lakini mfalme wa Malindi, ambaye hakuwa akiiva na Mombasa, akampokea kwa furaha na kumpa nahodha wa kumvusha hadi India. Mwezi uliofuata Wareno wakatia nanga Calicut. Nguzo ya mwanzo waliisimamisha karibu na nyumba ya mfalme, watu wakaichukia, ikaondolewa. Baadaye ndiyo ikaja kusimama hapa kwenye mwamba ambako haimkwazi mtu.

Lakini usidhani Malindi ilianza kujulikana na huyo. Mwaka 1415, miaka zaidi ya themanini kabla yake, wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga mzima mzima! Wachina wakamwona ni mnyama wa baraka wa kwenye hadithi zao. Hebu fikiria kumpakia twiga kwenye jahazi. Sisi kupakia ng'ombe mmoja kwenda kisiwani kijiji kizima kinatoka kushangilia.

Ukitoka kwenye nguzo rudi barabara ya ufukweni, utakuta kikanisa kidogo cha Wareno ndani ya makaburi. Kidogo kweli, watu ishirini wakiingia lazima mmoja atoke apumue. Inaelezwa kwamba Francis Xavier, yule padri ambaye baadaye alitangazwa mtakatifu, alipita hapa mwaka 1542 akielekea India na akafanya mazishi. Nilikaa kwenye kivuli nikanywa maji. Pametulia sana.

Hapo kaa ufikirie jambo moja. Wareno walipendwa Malindi, wakapewa kila kitu. Ilipofika 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, wakahamishia makao huko, hata mfalme wa Malindi naye akafungasha akawafuata. Mji ukabaki gofu. Hawa ndio wageni wa kwanza kuondoka, msomaji. Weka kumbukumbu.

Songa mbele. Utapita makumbusho, nyumba ya kizamani yenye nguzo nyingi inayotazama bahari. Mimi nilikata tiketi moja tu, ikanitosha kwa nguzo, kanisa na hapo. Mbele yake, karibu na soko la samaki, kuna Msikiti wa Ijumaa na makaburi mawili yenye minara, la zamani lina umri wa miaka mia tano na ushee. Mahali hapo hapo, wenyeji wanakwambia, palikuwa mnada wa watumwa mpaka 1873. Maana mji uliokuwa gofu uliamshwa tena miaka ya 1860 na watu wa Sultani wa Zanzibar, wakalima mtama na ufuta mpaka Malindi ikawa ghala la pwani. Waliolima ni watumwa. Watoto walikuwa wanacheza mpira pembeni, na goli moja lilikuwa ukuta wa nyumba ya mtu.

Kutoka hapo si mbali, kwenye bustani ya Uhuru, utamkuta mama wa sanamu. Mwangalie vizuri, huyo ndiye Mekatilili wa Menza, Mgiriama aliyewaambia watu wake mwaka 1913 wasikubali kupelekwa kufanya kazi za Waingereza. Wakamkamata wakampeleka Kisii. Kisii, wandugu! Hapo jirani zetu, ukivuka Sirari unafika kwa matatu moja. Na yule mama akatoroka, akarudi pwani kwa miguu. Mimi niliyekuwa nalalamikia basi lenye viti laini nilinywea.

Basi, sasa tuingie kwenye raha zenyewe.

Miaka ya 1930 walowezi wa Kiingereza walikuwa wanashuka kutoka bara kuja kuota jua Malindi. Mzungu mmoja aitwaye Brady akafungua Palm Beach, ambayo baadaye iliitwa Blue Marlin. Kamanda mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, Lawford, akafungua Lawford's. Ikafuata Sindbad. Mwaka 1934 akaja yule mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway kuvua samaki wakubwa, nduaro na wenzake, na jina la Malindi likapaa. Mchana ni nyuzi baharini, jioni ni suti nyeupe, gramafoni na glasi. Waafrika kwenye picha za namna hiyo unawaona wamebeba sinia.

Mwaka 1940 Waitaliano walikuja, lakini kwa ndege za vita, wakaupiga mji mabomu. Nyie! Watu hao hao wakarudi miaka ya 1960 na maroketi. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, waliweka majukwaa yao ya San Marco baharini, na Desemba 12, 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, ikarushwa setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru. Ilikwenda kupima miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Roketi ya mwisho iliondoka 1988, lakini Waitaliano walishanogewa. Wakanunua viwanja, wakafungua hoteli, maduka ya pizza, aiskrimu, kasino.

Mpaka leo Kiitaliano Malindi ni kama Kiswahili cha pili. Nilipotokea barabara ya Lamu kijana mmoja wa ufukweni, wale wanaowaita mabichi boi, alinirukia na "Ciao!" Akanitazama vizuri, akashusha sauti: "Sasa bro, kumbe wewe ni wetu." Tukacheka. Ananiambia yeye hajawahi kukanyaga darasa la Kiitaliano, amekiokota mchangani. Nikamwuliza biashara vipi. Akanihesabia kwenye vidole: vurugu za uchaguzi 2008, utekaji wa watalii kule Lamu 2011, korona 2020. "Kila tukiinuka, twapigwa ngwala."

Sasa msomaji, hapa ndipo nilipokuja kushangaa. Nilikuwa nimejipanga kutembea mbele ya hizo hoteli za kale, upande wa baharini, nione pale wakubwa walipokuwa wanashuka kutoka barazani moja kwa moja mpaka majini. Nikashuka. Nikatembea. Mchanga. Nikatembea. Vichaka vya mchangani. Nikatembea tena, viatu mkononi, jua utosini. Bahari iko kuleee.

Nikamkuta mzee mmoja anaziba nyavu chini ya mashua. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, watoka wapi? Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Akaacha sindano.

"Mimi nikiwa mdogo, mawimbi yalikuwa yapiga pale," akanionyesha upande wa kuta za hoteli, nyuma yangu kabisa. "Sasa mgeni akitaka kuoga, achoka kabla hajafika."

Na ni kweli, si maneno ya mzee. Tatizo ni mto. Kaskazini kidogo ya mji unaingia mto Sabaki. Huo unaanzia mbali, juu karibu na Nairobi, huko unaitwa Athi, ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, ukifika pwani ni Sabaki. Njia nzima watu wamekata miti na kulima miteremko, mvua ikinyesha udongo unapanda mto kama abiria. Upepo wa kaskazi ukivuma, kuanzia Novemba hadi Machi, mkondo unausogeza ule udongo kusini, kwenye ghuba ya Malindi. Sasa huo ndio msimu wenyewe wa watalii! Mgeni amelipa nauli kuja kuona bahari ya buluu, anakuta rangi ya chai ya maziwa, tena kwa mbali. Matumbawe nayo hayapendi tope, na mbuga ya bahari ya hapa ilitengwa tangu 1968, pamoja na ile ya Watamu, kati ya za kwanza Afrika. Wenye fedha wakaona isiwe taabu, wakasogea kusini, Casuarina na Watamu, kwenye maji safi. Wageni wa pili hao kuhama.

Hakuna mwenye hoteli aliyekata mti Ukambani. Na mkulima wa Ukambani hajawahi kuisikia Lawford's. Lakini huyu ameuhamisha ufukwe wa yule.

Nilimsimulia mzee habari za kwetu, maana kwetu mambo ni kinyume. Mei 2020 ziwa lilipanda mpaka likavunja rekodi yake ya 1964. Rukuba maji yalimeza mchanga tuliokuwa tunaanikia dagaa, tukapandisha vichanja juu kwenye mawe. Kando ya ziwa, huku na Kenya na Uganda, kulikuwa na hoteli za ufukweni ambazo samaki waliingia bila kulipa. Na mto tunao, mto Mara, unaotoka misitu ya Mau huko huko Kenya. Machi 2022 maji yake yaligeuka meusi, samaki wakafa, kamati ikaundwa, ikaja na jibu kwamba ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Watu walicheka mpaka basi, lakini waliokuwa wanakunywa yale maji hawakucheka.

Mzee akaniuliza, "Basi huko kwenu wajenga hoteli wapi, kwenye maji au kwenye kiwanja?" Nikakosa jibu. Na kule kijiweni sijawahi kumsikia mtu akiuliza Mau kuna miti mingapi. Tunaulizana bei ya kiwanja.

Nakupa ushauri wa bure kama utakwenda. Vaa viatu vyepesi, kofia usisahau, na ukipita msikitini uwe umejisitiri. Mabichi boi wakikuandama waambie Kiswahili, wanapoa. Samaki usile barabara ya Lamu kama mfuko umetoboka, rudi karibu na soko, utakula changu wa kupaka na wali kwa hela ya soda ya wakubwa.

Ukibakiwa na nguvu, chukua bodaboda hadi daraja la Sabaki. Mimi nilifika jioni. Maji yalikuwa yanapita mazito, mekundu, na vijiti, na gunzi la hindi limeelea linaelekea baharini kama lina safari zake. Nikateremka nikajaza chupa ya nusu lita. Nikaiweka dirishani gesti nikalala. Asubuhi maji yalikuwa yametulia juu, na chini udongo kama vidole viwili, laini, wa shambani kabisa. Dada wa mapokezi alipoiona akaniuliza chai yangu mbona sikuimaliza.