Jirani ni Nani?

Matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, Kibera na Kawangware ziligeuka uwanja wa vita. Watu waliozoea kuchota maji katika bomba moja walianza kutambuana kwa majina na lafudhi. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote.

Wengi waliotimuliwa Kibera walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho wa Jamhuri. Waumini walifika huko na unga, blanketi na sala. Tendo hilo halifai kubezwa. Hata hivyo, kumpa mkimbizi unga kambini ni rahisi kuliko kumrudishia chumba alichofukuzwa.

Ikumbukwe kwamba katika mfano wa Yesu, Msamaria na Myahudi walitenganishwa na uhasama wa vizazi, jambo ambalo mahubiri mengi hulipita upesi. Tena Msamaria hakuishia kufunga vidonda; alimlipia majeruhi gharama za nyumba ya wageni. Kwa lugha ya Kibera, ni Mjaluo kumlipia Mkikuyu kodi ya chumba, naye Mkikuyu kumfanyia Mjaluo vivyo hivyo, majirani wakitazama.

Mnamo Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Ungamo la aina hiyo ni nadra, na lilihitaji ujasiri. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, vibanda viliteketezwa tena Kawangware.