Saa za Wenzetu, na Kazi Tulizotaka Kuwaonyesha Watoto

Sisi tukaao karibu na ikweta hatuna ugomvi na jua. Hapa kwetu Usambara hutoka kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, hutua kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, na kwa mwaka mzima siku ndefu yapita siku fupi kwa kadiri ya nusu saa tu. Kwa hiyo wazee wetu walihesabu saa kwa kufuata mapambazuko, wala hesabu yao haikuwapoteza. Nasi tulidhani saa ni saa popote. Mwezi wa Machi mwaka 2025 tulionyeshwa kosa letu mbele ya watoto na wazazi wao, na twaona yafaa kuwasimulia wasomaji, maana wengi wenu mna jamaa walio ng'ambo.

Habari ilianza hivi. Tuliwauliza watoto wa darasa la saba wangependa kufanya kazi gani. Wakataja udaktari, urubani na ualimu. Tulipouliza, "Daktari hufanya nini tangu asubuhi hata jioni?" walinyamaza. Ndipo tulipotambua ya kuwa walikuwa wamejifunza majina ya kazi, wala hawakuzijua kazi zenyewe. Tukaazimia kuwaletea watu wenye kuzifanya, waseme kwa vinywa vyao. Seremala wa kijiji alikuja na randa yake, na mshonaji na cherehani yake. Tena tulikuwa na wawili waliosoma shule yetu zamani, nao sasa wako Marekani: mmoja fundi wa umeme katika mji wa Chicago, na mwingine mwuguzi katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona. Hao walikubali kusema na watoto kwa simu.

Darasani palikuwa na msichana mmoja mwenye bidii, ambaye baba yake alikuwa amekwisha kata shauri kumpeleka mjini kufanya kazi za nyumbani mara amalizapo darasa la saba. Msichana alitamani uuguzi. Tulimwendea baba yake tukamsihi aje siku ya mwuguzi, asikie. Alisita sana, mwisho akasema, "Haya, Mwalimu, nitakuja."

Fundi wa Chicago alikuwa ametuambia tangu Februari ya kuwa angepiga simu saa kumi na moja alfajiri ya kwao, kabla ya kwenda kazini, ndiyo saa nane mchana ya kwetu. Siku ilipofika tuliwakusanya watoto saa nane kamili. Simu haikulia. Kumbe ilikwisha lia saa saba, imo ndani ya sanduku la meza nasi tukila chakula cha mchana! Naye alikuwa amekwisha ingia kazini.

Baadaye alitueleza. Jumapili ile iliyotangulia, tarehe 9 Machi, watu wa kwao walikuwa wamesogeza saa zao mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo kila Jumapili ya pili ya mwezi wa Machi, na Jumapili ya kwanza ya Novemba huzirudisha. Tukatafuta asili ya desturi hiyo, tukaona ya kuwa ilizaliwa na kazi za watu. Huko mbali na ikweta siku hazilingani: katika London siku iliyo ndefu kuliko zote yapata saa 16 na nusu za mwanga, na iliyo fupi haitimii saa 8. Mwaka 1895 George Hudson wa New Zealand, aliyefanya kazi ya posta na kupenda kukusanya wadudu, alitoa shauri saa zisogezwe wakati wa kiangazi, apate mwanga baada ya kazi. Mwaka 1907 mjenzi wa nyumba wa Uingereza, William Willett, aliandika kijitabu juu ya mwanga upoteao asubuhi watu wakiwa wamelala. Alikufa mwaka 1915 pasipo kuona shauri lake likikubaliwa. Mwaka uliofuata, katika vita, Ujerumani ilisogeza saa zake ili kupunguza matumizi ya makaa, na Uingereza ikafanya vivyo hivyo baada ya majuma machache.

Basi tukajiona tumeelimika. Tukasema, "Marekani wamesogeza saa; kila kitu kitakuja saa moja mapema." Mwuguzi alikuwa ametuambia angepiga simu saa sita ya usiku ya kwao, wakati wa kupumzika katika zamu yake, ndiyo saa nne asubuhi ya kwetu. Sisi kwa werevu wetu mpya tukawaita wazazi saa tatu.

Saa tatu ilipita, simu kimya. Tulipojaribu kupiga haikupokewa, maana mwuguzi alikuwa katika kazi yake. Watoto wakaanza kunong'ona. Wazazi wakakumbuka mashamba yao. Saa tatu na nusu baba wa yule msichana alisimama, akachukua kofia yake, akasema pasipo hasira, "Mwalimu, simu yako haina mtu." Akaenda zake. Msichana alimtazama mpaka alipopinda njia penye migomba, kisha akainamia daftari lake. Nasi hatukuwa na neno.

Saa nne kamili simu ikalia.

"Shikamoo, Mwalimu," ilisema sauti. "Je, watoto wapo?"

Tulipomwambia tuliyoyafanya alicheka, kisha akasikitika. Jimbo la Arizona, alisema, halisogezi saa. Tangu mwaka 1968 limekataa, maana nchi ile ina joto kali, na wakati wa kiangazi watu hulingoja jua litue wapate kutoka nje. Mwanga zaidi wa jioni wawafaa nini? Tena ndani ya jimbo lile lile watu wa Wanavajo, katika sehemu ya nchi iliyo yao, husogeza saa; na Wahopi, ambao nchi yao imezungukwa na ile ya Wanavajo, hawasogezi. Mvulana mmoja akauliza, "Mchungaji akivuka na mbuzi wake, je, mbuzi hubadili saa?" Darasa likacheka, naye mwuguzi akajibu ya kuwa mbuzi wa huko, kama wa kwetu, hufuata tumbo.

Ndipo msichana aliposimama. "Shikamoo, dada. Kazi yako ni ngumu?"

"Marahaba, mdogo wangu. Ni ngumu. Usiku huu nimewageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza, nimeosha vidonda, na miguu imevimba. Hata hesabu nilishindwa mara moja nikarudia. Lakini asubuhi mgonjwa akiniuliza jina langu, najua ya kuwa ameona usiku mwema."

Msichana aliandika maneno hayo yote. Baba yake hakuyasikia.

Jioni ile tulikwenda nyumbani kwake. Tulimwambia ya kuwa kosa halikuwa la binti yake wala la mwuguzi, bali letu sisi, kwa kuwa tuliwaza juu ya saa ya mtu pasipo kumwuliza. Alinyamaza kitambo, akasema, "Hata mimi sijamwuliza huyu." Alikuwa akimwangalia binti yake, aliyekuwa akichochea moto.

Juma lililofuata mwuguzi alipiga simu tena. Safari hii tulimwuliza kwanza, "Kwako sasa ni saa ngapi?" Baba alikuja, akazungumza naye muda mrefu, hasa juu ya gharama na juu ya wazazi waliobaki nyumbani. Alipomrudishia mwalimu simu alisema neno moja tu: "Tutaona baada ya mtihani." Hatusemi ya kuwa simu ndiyo iliyomgeuza moyo, wala hatujui shauri lake la mwisho. Twajua tu ya kuwa binti alifanya mtihani wake, wala hajapelekwa mjini.

Sisi walimu tumejifunza. Kujua jina la nchi si kujua saa ya mtu akaaye humo, na kujua jina la kazi si kuijua kazi. Mzazi naye aweza kukaa na mtoto chini ya paa moja miaka kumi na mitatu, asijue aelekeako. Njia ni moja kwa mambo yote matatu, nayo ni kuuliza, kisha kungoja jibu.